Mtani wa Jua la Utosi

Mwangwi una adabu zake. Wewe husema kwanza, wenyewe hufuata. Hata ukisema upuuzi, hukungoja umalize upuuzi wako ndipo nao uurudie. Ndivyo Mikidadi alivyoujua mwangwi wa vilima vile tangu utoto, alipokuwa akienda kutega ndege huko. Kwa hiyo asubuhi ile alipoupigia mwamba kelele za kisa cha bwana harusi aliyeona haya kutafuna mbele ya mama mkwe, akameza kiazi kizima cha moto, na mwamba ukacheka kabla kiazi hakijafika kooni, Mikidadi alisimama mguu mmoja juu kama jogoo aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Umesikia?" akamwuliza mkewe.

"Nimesikia unapiga kelele," Zaina akajibu bila kugeuka. "Tangu nimeolewa nasikia unapiga kelele."

Akacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Kitu kikimtisha alikicheka, na kikizidi kumtisha alikicheka kwa nguvu zaidi, na mpaka siku ile dawa haikuwa imemwangusha.

Walikuwa watu watatu na kichanga. Mbele Zaina, na mtoto mgongoni, binti aliyekuwa ametoka arobaini juzi tu. Katikati Mikidadi, mwenye mdomo. Nyuma Bashiri, kaka yake Zaina, aliyekuja Mbekenyera kuwachukua. Mtu mpana, mzito wa maneno, ambaye ukimsalimia asubuhi huenda akakuitikia adhuhuri. Walikuwa wakikata vilima kwenda Chiola, upande wa Nachingwea, kwa mama yao Zaina na Bashiri, mtoto akapewe jina. Kwao Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama. Jina hutoka kinywani mwa mjomba, mbele ya bibi. Baba kazi yake ni kufurahi na kubeba mkeka, na Mikidadi alikuwa amebeba mkeka.

Ilikuwa miaka ile garimoshi bado ni kitu kigeni Nachingwea, na mzee mmoja wa Namungo alikuwa amelipelekea nyasi kwa sababu alisikia watu wakisema limechoka. Kwenye nchi tambarare matrekta yalikuwa yameng'oa miti mikubwa ili karanga zipandwe. Huku juu hakuna aliyejisumbua. Huku kulikuwa mawe tu, majabali makubwa kuliko nyumba, mengine yamepandiana kama watoto wanaolala kitanda kimoja, na kati yake ardhi kavu yenye rangi ya kutu. Lakini mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha wiki ile, na maua yalikuwa yametoka. Kulikuwa na vichaka vinene vya shina, havina hata jani, vimejaa maua ya rangi ya waridi. Na mengine mekundu ya mviringo yalichomoza peke yake chini, bila jani, bila mwenzake, kila moja kwenye kikonyo kimoja, kama vichwa vya watu waliofukiwa wima.

"Punguza sauti," Bashiri akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu alfajiri. Akaeleza, kwa kifupi kama mtu anayenunua maneno, kwamba miti ile iliyong'olewa kule chini ilikuwa na wenyewe, na kwamba wenyewe hao, kama wanavyosema watu, walihamia huku kwenye mawe.

"Basi ni wakimbizi, shemeji," Mikidadi akasema. "Mkimbizi huchekeshwa."

Bashiri hakucheka. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Mikidadi alikuwa amejaribu tangu harusi.

Sasa, ili mtu aelewe kilichotokea, aelewe kwanza kazi ya Mikidadi. Kulima alilima, kama watu wote, mihogo na ufuta. Lakini jina lake lilitokana na utani. Wangoni waliwapiga babu zake zamani, vita vikaisha, uadui ukageuka utani, na Mngoni yeyote aliyefiwa kati ya Ruangwa na Nachingwea alimwita Mikidadi. Alikuwa akifika msibani akijiliza kwa furaha. Alikuwa akishuka kaburini kabla ya maiti na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Nao Wangoni wakimkuta njiani walimvua kofia, wakaondoka nayo, naye akawafuata akiwatukana mpaka akaikomboa kwa kitu kidogo, tumbaku au kipande cha muhogo. Sheria ni hizo tu. Mtani akidai kitu chako, unampa. Hukasiriki. Kisha unakikomboa, mnacheka, mnaachana salama.

Jua lilipofika utosini walikuta maji ya mvua yamekaa kwenye bakuli la mwamba. Mtoto alikuwa analia. Alilia tangu Mbekenyera, ana koo huyo, baba yake alijisifu nalo. Bashiri akazunguka nyuma ya jabali kutawadha na kuswali. Zaina akaketi. Mikidadi akapiga magoti kunywa.

"Mmwera," sauti ikasema juu yake. "Hata maji unayasujudia. Babu yangu aliwafundisha vizuri."

Akainua kichwa. Juu ya jabali ameketi mtu amekumbatia magoti, amevaa shuka nyeusi. Kivuli hakuwa nacho, lakini saa ile hata mawe hayakuwa na vivuli, jua lilikuwa limesimama wima. Miguu yake Mikidadi hakuitazama. Mtu mwenye malezi hamtazami mgeni miguu.

Moyo wake ulifurahi. Mngoni, huku, katikati ya njia ndefu yenye shemeji asiyecheka. Akamjibu kwamba babu yake huyo alikula ng'ombe wa watu mpaka wakaisha, ndipo wajukuu wakabaki kufukua panya. Yule akajibu kwamba panya wenyewe walikuwa wanakimbia Umwera kwa njaa. Wakatupiana hivyo, mmoja akipanda mwingine akipanda zaidi, na Zaina mwenyewe akatabasamu ndani ya kanga yake. Kitu kimoja tu kilikuwa hakikai sawa: mtu yule alicheka mapema. Kila mzaha aliucheka katikati, kana kwamba kichekesho kilikuwa kimemfikia kabla hakijasemwa. Na kulikuwa na harufu, harufu ya udongo uliotoka kupinduliwa, mbichi na baridi, mahali ambapo hapakuwa na udongo wa kupindua.

Kisha alikuwa chini. Mikidadi hakumwona akishuka. Alikuwa amesimama nyuma ya Zaina, ameinama juu ya mgongo wake, anamtazama mtoto.

"Nani huyu?"

"Hajapata jina," Mikidadi akasema.

"Mke wangu huyu."

Hakuna mtani asiyesema hivyo akiona mtoto wa kike. Ni salamu. Na baba naye ana jibu lake, ambalo Mikidadi alikuwa amewasikia mababa wote wa Ruangwa wakilijibu. Mtani humnyakua mtoto, hukimbia naye hatua chache, baba humfuata na kumkomboa.

"Mchukue," akasema. "Mchukue leo hii. Usiku ananyonya, mchana analia, na kazi hafanyi."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

"Nimepokea," mtu yule akasema. Safari hii hakucheka.

Wala hakunyoosha mkono. Mikidadi aligeuka kufungua mkeka atoe kipande cha muhogo cha kukombolea, akageuka tena, na hapakuwa na mtu. Pale aliposimama palikuwa na maua mekundu yaliyosongamana, na hakuna hata kikonyo kimoja kilichokanyagwa.

Mtoto alikuwa amenyamaza.

Bashiri akarudi akijifuta uso, akauliza walikuwa wanazungumza na nani. Mikidadi akamwambia ni mtani, Mngoni, kaondoka, hana hata adabu ya kuaga. Bashiri akayatazama maua yale kwa muda mrefu. Kisha akachukua mkeka kutoka mikononi mwa shemeji yake, akaubeba mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akasema waondoke.

Wakaondoka. Mwanzoni ukimya wa mtoto ulikuwa raha, na Mikidadi akasema mtani yule angekuja kila siku angelipwa mshahara. Mkono wa Zaina ulikuwa unarudi nyuma kila mara kupapasa kitu kilichokuwa mgongoni, unaondoka, unarudi tena. Baadaye akasema polepole kwamba mtoto amekuwa mwepesi.

"Amelala," Mikidadi akasema.

"Aliyelala huwa mzito, baba. Wewe hujambeba mtoto."

Akamwomba atembee nyuma yake karibu, amwangalie. Akamwangalia. Mtoto hakuwa amelala. Macho yalikuwa wazi, makubwa, na hayakumtazama yeye bali yalipita juu ya bega lake kwenda kwa kitu kilichokuwa nyuma yake, na mtoto wa siku zile, ambaye bado hajajua kucheka, alikuwa anacheka bila sauti, anacheka jinsi mtoto anavyocheka akifanyiwa vituko na mtu anayempenda. Mikidadi akageuka. Nyuma yake palikuwa na Bashiri tu, na nyuma ya Bashiri mawe, na kati ya mawe yale mekundu ya mviringo, ambayo asubuhi yalikuwa yametawanyika moja hapa moja kule na sasa yamekaa pande mbili za njia kama watu wanaotazama harusi ikipita. Akajitahidi kucheka, na kicheko kikamkwama kama kile kiazi, kwa maana ilimjia sasa, akiwa amechelewa kama mwangwi wa kawaida, kwamba katika misiba yote na njia zote alizowahi kutembea hakuwahi kumwona mtani aliyepewa kitu akaondoka bila kukombolewa, kwa kuwa utamu wa utani ni kukomboa, na anayetaka kitu chenyewe huyo si mtani, huyo ni mchukuaji, na wakati anawaza hivyo akasikia, chini kabisa, sambamba na hatua za Zaina, mtu akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto kwa sauti nzito, bila maneno, na harufu ya udongo uliopinduliwa ikampanda puani mpaka akaisikia ulimini.

Zaina naye alisikia. Aliongeza mwendo tu.

Walifika Chiola jua limeanza kulegea. Mama yake Zaina, Bi Mwantumu, alitoka uani mikono mbele, akipiga vigelegele vya bibi aliyengoja mjukuu, akampokea mtoto kutoka kwenye kanga. Vigelegele vikakatika. Akampima mikononi, juu, chini, kama mtu anayepima kibuyu kujua kama kina maji.

"Mmeniletea nguo," akasema kwa sauti ndogo. "Mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa pale. Alikuwa anapumua. Lakini ziwa hakulishika, na ukimwinua mkono ulibaki pale ulipouacha, na macho yake yalitazama njia ya vilimani.

Wakamwita Mzee Awadhi, mganga wa majini, mtu mwembamba mwenye kikohozi. Alifukiza ubani, akasoma alichosoma, akaandika kombe, aya za uponyaji, kwenye sahani nyeupe kwa zafarani, akaliosha, akamlowesha mtoto midomo. Wote walingoja. Moshi wa ubani, uliotakiwa kupanda, ulitambaa chini kwa chini juu ya mkeka, ukampita Zaina, ukampita bibi, ukafika kwenye magoti ya Mikidadi ukasimama hapo.

"Wewe ndiye baba?" Mzee Awadhi akanong'ona.

"Ndimi."

"Ulimpa nani?"

Mikidadi akaeleza. Alieleza yote, pamoja na panya na ng'ombe, na safari hii hakuna neno lililochekesha. Alipofika kwenye "nimekupa", Zaina alifunika uso.

Mzee Awadhi akaondoa chetezo. Akasema jini aliyeiba yeye humfukuza, hiyo ndiyo kazi yake tangu ujana. Huyu hakuiba. Kapewa kwa mdomo, kapokea kwa mdomo, na ukimfukuza ataondoka na chake. Kilichobaki kwenye nguo zile ni cha kuaga tu. Kesho jua likivuka utosi nacho kitamfuata mwenzake.

Kisha Bashiri, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema: "Mzee. Mtu akikupa mbuzi wa jirani yake, amekupa?"

"Hajakupa."

"Basi huyu," akamwelekezea Mikidadi kidevu, "hana mtoto. Mtoto ni wangu. Mimi sikutoa."

Bi Mwantumu ndiye aliyeelewa kwanza. Alianza kulia, na kilio chake kilikuwa cha mtu aliyeona mlango wa kutokea. Mzee Awadhi aliwaza, akakohoa, akawaza tena. Akasema inawezekana. Akawaonya wasimsomee, wasimkasirikie, kwa kuwa kaingia kwa utani, na kwa utani ndiko atakakotokea. Lakini mtani aliyepunjwa, akasema, hudai. Akamtazama Mikidadi aliposema hivyo, kisha akatazama pembeni.

Usiku ule haukuwa na hadithi. Walikaa tu wakimsikiliza mtoto akipumua.

Kulipopambazuka walirudi vilimani, Bashiri mbele, Zaina na mtoto, Mikidadi nyuma. Kwenye majabali maua yalikuwa yameongezeka usiku, mekundu mpaka mawe yenyewe yalionekana kuogelea ndani yake, na njia ilikuwa nyembamba kiasi kwamba yaliwagusa magoti pande zote mbili, baridi, kama midomo ya ng'ombe. Nzi waliokuwa wakiwafuata tangu Chiola wakaacha kuwafuata. Walifika kwenye maji jua likiwa wima.

Alikuwa ameketi chini safari hii, kando ya maji, mgongo kwenye jabali. Alionekana kama mtu aliyekesha.

"Mmemleta," akasema. "Hamkuwa na haja ya kuchoka. Ningemfuata."

Bashiri akasogea mpaka akasimama mbele yake. Akaifunga mikono nyuma.

"Mimi ni mjomba wake. Mtoto wa Kimwera ni wa mjomba. Huyu alikupa kisicho chake."

Mtu yule akageuza shingo, polepole, akamtazama Mikidadi, na katika macho yale Mikidadi hakuona moto wala damu wala chochote wanachosimulia watu. Aliona mtu aliyeudhika.

"Ni kweli, mtani?"

"Ni kweli," Mikidadi akasema. "Kwetu baba hana mtoto. Ana kelele tu."

"Kule tulikokuwa sisi," mtu yule akasema, "kabla hawajatung'oa, baba alikuwa na watoto. Mimi nilikuwa nao." Maji ndani ya mwamba yalitetemeka, wala hapakuwa na upepo. "Sikuzijua desturi za huku. Basi. Nimerudisha."

Zaina akapiga magoti. Hakupiga kwa kutaka. Uzito ulimwangusha, uzito wa ghafla mgongoni, na hapo hapo mtoto akalia, kilio kile kile cha njia nzima, chenye koo, kikagonga jabali hili na lile. Bashiri akamfungua haraka kwenye kanga, akamweka kifuani, akamwekea mdomo sikioni na kumpa jina pale pale, bila bibi, bila mkeka, ili asibaki hata dakika moja bila jina mahali pale: Mwamina. Akalirudia. Zaina alikuwa amewakumbatia wote wawili, analia, na kwa kilio cha mama na mtoto hawakusikia kingine.

Mikidadi alisikia.

"Lakini mtani hadanganywi akaenda mikono mitupu," mtu yule alikuwa anasema, karibu naye sasa, karibu kama mtu anayekuazima sikio. "Nipe kilicho chako."

Mikidadi alitafuta. Alitafuta kwa kweli. Shamba la Mbekenyera alipewa na mjomba wake, na mjomba akitaka atalichukua. Nyumba ilisimama kwenye kiwanja cha mjomba huyo huyo. "Sina kitu," akanong'ona. "Hata koti hili nimeazima."

"Una nafasi. Pale unapoketi, watu wakageuka wakusikilize. Pale nyuma ya mkeo, anapotazama kama unafuata. Hiyo ni ya mjomba yupi?"

Na Mikidadi, aliyekuwa na jibu kwa kila Mngoni kati ya Ruangwa na Nachingwea, hakuwa na jibu. Haikuwa ya mjomba yeyote. Ilikuwa yake. Katika dunia nzima ndiyo pekee iliyokuwa yake.

"Au," mtu yule akasema, na macho yakarudi taratibu kwa mtoto, "tutafute tena mwanzo wa maneno, mimi na wewe. Umwera una watoto wengi."

Mikidadi alimtazama binti yake. Mikono yake midogo ilikuwa inapiga hewa, na kila mmoja uliposhuka mwingine ulipanda, haitulii, imejaa uhai.

"Chukua," akasema.

Hakuhisi kitu. Hicho ndicho kilichomshangaza. Jua lilikuwa pale pale, kando ya maji hapakuwa na mtu, na Bashiri alikuwa ameshamshika Zaina mkono anamwinua, anasema twende, twende, na wote wakaanza kushuka. Mikidadi akafuata. Aliwaita wamngoje afunge kiatu, nao hawakumngoja, akadhani ni hofu, akafunga kiatu akakimbia, na walipokata kona ya jabali na yeye akaikata aliwaona mbele kidogo tu, Bashiri, na Zaina mwenye mtoto, na nyuma ya Zaina mtu wa tatu mwenye koti kama lake anayetembea kwa madoido, anatupa mikono, anasimulia, na Zaina, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa analia, alitupa kichwa nyuma akacheka kicheko ambacho Mikidadi alikuwa amefanya kazi miaka mingi kukipata na alikipata mara chache; akaongeza mbio, lakini kila kona aliyoikata wao walikuwa wameshaikata inayofuata, na sauti ya msimuliaji ilimrudia juu ya mawe, ya furaha, ya kelele, na ilikuwa yake, na kisha, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, akamsikia shemeji yake Bashiri akicheka.

Alifika Chiola jua limeshalegea. Uani kwa Bi Mwantumu palikuwa pamejaa. Majirani walikuwa wamekuja kumwona mtoto aliyerudi, ugali umepakuliwa, kuku amechinjwa. Katikati ya mkeka ameketi Mikidadi na Mwamina mapajani, anawachekesha, na watu wote wamegeuka kumsikiliza, hata Mzee Awadhi na kikohozi chake, ameshika mbavu. Mikidadi aliyesimama nje ya ua akafungua kinywa kumwita mkewe. Alisikia jina la Zaina kichwani mwake, likapanda mpaka kwenye meno likaishia hapo.

Yule wa kwenye mkeka akakatisha kisa chake. Akainua macho, akamtazama moja kwa moja, kwa upole, jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mpita njia.

"Nani?" Zaina akauliza, akikinga macho kwa kiganja, akitazama pale pale aliposimama mumewe.

"Mtani wangu mmoja wa zamani," yule akasema. "Kachoka na jua. Mpelekeni maji, na kiti mpeni, mtani hanyimwi kitu." Akamfunika mtoto uso kwa upindo wa kanga. "Ila huyu msimpe kumshika."